Paka wa ghalani naye ana zamu ya sindano

MFANYABIASHARA wa mahindi pale Namanga anajua bei ya gunia pande zote mbili za mpaka. Lakini ukimuuliza paka anayelinda ghala lake dhidi ya panya alichanjwa lini, swali huishia kwenye kicheko.

Chanjo za msingi za paka hukinga magonjwa manne: panlukopenia, mafua ya virusi vya hepesi, mafua ya virusi vya kalisi na, kwa nchi kama za Afrika Mashariki, kichaa cha mbwa.

Panlukopenia humtapisha na kumharisha paka, na mtoto wa paka anaweza kufa ndani ya siku chache. Virusi vyake huweza kudumu hadi mwaka mzima ghalani, na husafiri kwa viatu na nguo za watu. Sabuni ya kawaida haiviui; jiki iliyochanganywa na maji huviua.

La kumnyima mwenye ghala usingizi, hata hivyo, ni kichaa cha mbwa. Jina lenyewe linapotosha. Paka aking'atwa na mbwa mgonjwa huambukizwa, kisha humwambukiza binadamu kwa meno au kucha. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano ya kwanza ya magonjwa yale mengine matatu hutolewa mtoto wa paka akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Moja haitoshi, kwani kinga aliyoipata kwa mama yake huweza kuizima chanjo ya mapema. Ya kichaa huanza wiki ya 12 na hurudiwa baada ya mwaka.

Anayevuka mpaka na paka asitegemee cheti rahisi cha uasili, kile cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Mnyama hudaiwa kibali cha kuingia nchini, cheti cha afya cha daktari wa mifugo na uthibitisho wa chanjo ya kichaa. Sindano ya kwanza iliyochomwa jana haijajenga kinga, kwa hiyo tarehe hukaguliwa. Ofisi ya mifugo iulizwe wiki kadhaa kabla ya paka kupandishwa kwenye lori.