Kabla ya kumpandisha sungura wa nyumbani

Sungura jike hana siku maalumu za joto kama ng'ombe au mbwa. Mayai yake hushuka saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa, kwa kuwa tendo lenyewe ndilo linaloamsha mwili kuyaachilia. Dume na jike wakikutana kwa dakika moja tu, mlango wa banda ukiwa umeachwa wazi wakati wa kufagia, mimba inaweza kutunga. Siku 31 baadaye, pengine zikipungua au kuzidi kwa siku moja au mbili, kuna watoto. Na saa chache baada ya kuzaa, jike yuleyule anaweza kupandwa tena akabeba mimba nyingine huku watoto wa kwanza wangali vipofu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi kuzalisha sungura hakuamuliwi. Hutokea tu, kisha watu huanza kutafuta mbao za kuongeza mabanda.

Hesabu yake inatisha kuliko inavyodhaniwa. Jike huzaa watoto wanne hadi wanane kwa kawaida, na wa mbegu kubwa hufika hata 12. Ikichukuliwa sita tu kwa kila uzao, na dume akaachwa banda moja na jike, uzao wa Januari hufuatwa na mwingine mwanzoni mwa Februari, kabla wa kwanza hawajaacha kunyonya. Mwishoni mwa Aprili majike wa uzao wa kwanza wametimiza miezi minne, umri ambao mbegu nyingi ndogo na za kati zinaweza kushika mimba, na dume aliye karibu ni baba yao au kaka yao. Jozi moja inaweza kuzaa watoto zaidi ya 30 katika nusu mwaka, wajukuu bado hawajahesabiwa. Kwa kweli si wote wanaofika ukubwani. Mama aliyezaa mfululizo hukonda, maziwa hukauka, watoto hufa kiotani. Hayo ni mateso yanayozuilika kwa kizuizi cha waya kati ya mabanda mawili.

Sababu za kuzalisha zinazotolewa na wenye sungura hazilingani uzito. Inayosikika sana ni kwamba jike lazima azae angalau mara moja ili awe na afya. Imani hiyo haina msingi. Sungura majike hupata sana saratani ya mji wa mimba wanapovuka miaka minne, na kuzaa hakuwakingi. Kinachowakinga ni kuondolewa kizazi. Sababu ya pili ni kutaka watoto wa nyumbani waone maajabu ya uzazi. Nia ni njema, ila atakayeona uzazi ndiye atakayeona pia kitoto kilichokufa kwa baridi alfajiri, na baada ya miezi miwili atauliza kwa nini rafiki zake wanapelekwa sokoni. Mzazi anayekubali ya kwanza awe amejiandaa kwa ya pili.

Sababu ya tatu ni pesa. Katika hili Kenya ina funzo la wazi. Katika miaka ya 2010 ufugaji wa sungura ulivuma huko, na watu wengi walijenga mabanda kwa matumaini ya kuuza nyama, ngozi, hata mkojo unaotumiwa shambani kama mbolea. Walioandaa soko kwanza walifaidika. Wengi wengine walibaki na mabanda yaliyojaa na magunia ya chakula ya kununua kila wiki, bila mnunuzi. Ikiwa mfugaji wa biashara aliweza kukwama hivyo, mwenye sungura wawili wa kupendeza nyuma ya nyumba hana sababu ya kudhani watoto wao watauzika wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya banda na kabla ya chakula, ni kila mtoto atakwenda wapi. Jibu la “watapatikana watu” halitoshi. Jibu linalotosha lina majina: jirani fulani mwenye banda tayari, shule fulani yenye mradi wa wanyama, ndugu aliyekwishalipa kianzio. Watu hubadili nia, hivyo majina yazidi idadi ya watoto wanaotarajiwa, na mwenye kuzalisha awe tayari kubaki na wale watakaorudishwa. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi 12, muda unaoweza kutosha mtoto wa darasa la kwanza kumaliza sekondari.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki jibu jingine ni sufuria. Nyama ya sungura ni nyeupe, haina mafuta mengi, na hakuna aibu katika kumfuga kwa kitoweo. Kosa ni kutoamua. Mnyama aliyepewa jina na kulala mapajani kwa miezi mitatu, kisha akachinjwa kwa sababu tu chakula kimepanda bei, huacha jeraha kwa mtoto aliyemlea. Nyumba inayotaka vyote viwili itenganishe mapema, na iwaambie watoto ukweli mapema, yupi ni wa kufugwa na yupi ni wa kuliwa.

Njia moja haifai kabisa: kuwaachia porini. Sungura wa kufugwa chimbuko lake ni Hispania na Ureno, wala si sungura wa mbugani wa Afrika Mashariki, ambaye ni jamii nyingine, na wawili hao hawawezi kuzaliana. Aliyezaliwa bandani hajui kukimbia mbwa, paka wala mwewe. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumtelekeza mnyama aliyezoea kulishwa ni ukatili.

Makao yakishapatikana, wazazi wenyewe hukaguliwa. Meno ya sungura hukua maisha yote, na husagwa kwa kukutana juu na chini wakati wa kutafuna. Mdomo ufunguliwe taratibu: meno ya mbele ya juu yanapaswa kutangulia kidogo mbele ya yale ya chini. Yakipishana, yataendelea kurefuka mpaka mnyama ashindwe kula, na kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa. Sungura wa namna hiyo asizalishwe hata awe mzuri wa sura kiasi gani. Vivyo hivyo anayepiga chafya na kutokwa kamasi mara kwa mara, kwa kuwa bakteria wa mafua ya sungura hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto. Ndugu wa tumbo moja wasipandishwe. Wapo pia sungura wadogo kabisa wanaopendwa mijini, kama Netherland Dwarf, ambao udogo wao hutokana na kinasaba kimoja. Wakipandishwa wawili wanaokibeba, kwa wastani robo ya watoto hurithi nakala mbili, na hao hufa ndani ya siku chache. Anayezalisha wawili hao huku akilijua hilo amekubali vifo hivyo mapema.

Umri nao una mipaka yake. Jike wa mbegu ndogo asipandishwe kabla ya miezi mitano, na wa mbegu kubwa kama Flemish Giant angoje hadi miezi minane. Mnono kupita kiasi hupata shida kuzaa, na aliyekonda hana akiba ya kutengenezea maziwa. Siku ikifika, jike ndiye hupelekwa kwenye banda la dume. Akiletewa dume nyumbani kwake, hulinda eneo lake kwa kucha na meno.

Joto ni jambo ambalo wakazi wa pwani hawana budi kulipa uzito. Sungura hatoi jasho la kumpoza, na joto lake jingi hutoka kupitia masikio. Kuanzia nyuzi 30 huanza kuhema na kuacha kula, na kati ya Desemba na Machi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huvuka kiwango hicho mchana. Mbegu za dume huharibika kwa joto na huchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Jike mwenye mimba ya wiki ya mwisho anaweza kufa alasiri moja chini ya bati tupu. Banda la pwani lizungukwe na hewa, liezekwe makuti au liwe chini ya mti, na jike asipandishwe katika miezi hiyo. Iringa, Mbeya na Limuru tatizo ni la kinyume: upepo wa Juni na Julai unaopenya mpaka kiotani.

Sanduku la kuzalia huwekwa siku ya 28. Lenye urefu wa sentimita 45 na upana wa 30 humtosha jike wa wastani, likijazwa majani makavu laini. Jike hukusanya majani mdomoni mpaka yanamning'inia pande zote mbili, huyabeba hadi sandukuni, kisha hung'oa manyoya ya kifua na tumbo lake na kuyatandika. Huzaa usiku au alfajiri, mara nyingi kwa chini ya nusu saa. Watoto huwa wekundu, bila manyoya, macho yamefungwa, na hufumbua macho siku ya 10 hadi ya 12.

Asubuhi hiyo ndipo wasiojua huua kwa wema. Mama huonekana amekaa mbali na kiota, hawajali watoto, na watu hudhani amewakataa. Hajawakataa. Sungura hunyonyesha mara moja, pengine mbili kwa siku, dakika tatu hadi tano tu, kisha hujitenga ili asivute adui. Dalili ya kutazama ni matumbo ya watoto. Aliyenyonya ana tumbo la mviringo lililotanuka, ngozi imekaza. Mwenye njaa ana ngozi iliyokunjamana. Wakionekana wameshiba, waachwe. Kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa sindano hakusaidii, kwani maziwa ya sungura yana mafuta na protini karibu mara tatu zaidi, na mtoto anayelishwa kwa mkono hupona kwa nadra hata mikononi mwa mzoefu. Aliyeburutwa nje ya kiota akiwa ameng'ang'ania chuchu apashwe joto viganjani na kurudishwa, kwa kuwa mama wa sungura habebi watoto kuwarudisha kama paka afanyavyo. Waliokufa waondolewe kila siku. Miguu ya banda isimamishwe kwenye makopo yenye oili chafu, kwani siafu wakiingia usiku hawabakishi mtoto hata mmoja.

Jike anayenyonyesha hula mara mbili au tatu ya kawaida yake na anaweza kunywa zaidi ya lita moja ya maji kwa siku. Majani makavu yawepo muda wote, mboga za jikoni ziwe nyongeza tu. Watoto hutoka kiotani wakiwa na wiki tatu na huachishwa kunyonya wiki ya sita hadi ya nane. Kipindi hiki cha kubadili chakula ndicho kinachowaua wengi kwa kuhara, hasa kunakoletwa na vimelea vya koksidia vinavyostawi kwenye sakafu chafu yenye unyevu. Sungura wa wiki nne wanaouzwa kando ya barabara kwa sababu bado wanapendeza wanatenganishwa na mama katika wakati mbaya kuliko wote, na tabia hiyo inastahili kukomeshwa na wanunuzi wenyewe.

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, kwa hiyo anayejua sungura atafutwe kabla ya mimba. Nyumba nyingi zina vidonge vya amoxicillin kabatini, na kumpa sungura dawa hiyo kwa mdomo kunaweza kumuua, kwa sababu huharibu bakteria wa tumboni wanaomsaidia kusaga chakula. Baadhi ya dawa za viroboto wa mbwa, zenye fipronil, ni sumu kwake pia.

Kabla watoto hawajafikisha wiki 12, madume watengwe na majike, jinsia ikithibitishwa na mtu anayeweza kuitambua. Wanaokosea hapa ni wengi, na mzunguko huanza upya bila mtu kujua.

Nyumba ambayo haijajibu swali la makao, isiyo na mabanda ya kutosha kuwatenganisha wala daktari wa karibu, isizalishe. Kwa familia nyingi za mjini huo ndio uamuzi sahihi, na sungura hapotezi chochote kwa kutozaa. Dume anaweza kuhasiwa akiwa na miezi minne au mitano, ila aendelee kutengwa kwa wiki sita, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kutungisha. Pasipo daktari wa kuhasi, majike wawili wa tumbo moja wakae pamoja, naye dume akae banda lake. Anayetamani sungura wa tatu aanze kuuliza kwa wafugaji na majirani: wapo wengi waliokwishazaliwa, wakubwa kwa wadogo, ambao wenyewe wanatafuta mtu wa kuwachukua.