Muhuri wa Plau ni Mali ya Nani?

Tuchukulie fundi wa Puge, Nzega, amebuni plau mpya na kuipiga muhuri wake. Mfanyabiashara akaiiga, akapiga muhuri uleule na kuiuza. Je, amedhulumu?

Karne ya 19, majembe ya wahunzi wa Uzinza yaliuzwa hadi Tabora. Umbo lile la urithi si la mtu mmoja. Kuliiga hakuna ubaya. Uvumbuzi mpya ni jambo jingine. Mahanafi wa zamani hawakuhesabu haki tupu kuwa mali, ilhali jumhuri ya mafakihi walihesabu manufaa kuwa mali. Mwaka 1988 huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliamua kwamba jina la biashara, alama na uvumbuzi ni haki zenye thamani, wala haijuzu kuzivamia.

Basi mwigaji amewadhulumu wawili: fundi, kwa kula mali yake kwa batili (Nisaa: 29), na mkulima, kwa ghushi, ambayo Mtume (s.a.w.) aliikemea sokoni kwa muuza nafaka aliyeficha iliyolowa. Hata angetumia jina lake mwenyewe, uvumbuzi ungebaki haki ya fundi.

Toba yake haitimii mpaka arudishe haki au asamehewe. Fundi naye asajili uvumbuzi na alama BRELA, apate ushahidi. Nasi tukisuluhisha, sulhu isihalalishe haramu. Wallahu a'lam.