Kazi ya mitindo ilivyomfanya mwanafunzi ajinyime chakula

HUENDA unaye kijana nyumbani mwako ambaye wakati huu yuko kwenye mafunzo ya kazini, au atachimenti kama wanafunzi wa vyuo wanavyoiita. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi usiku, na ukimuuliza kama amekula anakujibu kwamba amekula kazini. Unaamini, kwa sababu ni mtu mzima na huwezi kumfuata kila mahali na sahani. Mimi pia niliamini.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kukaa nasi Buruburu mwezi wa Mei mwaka 2023 ili afanye mafunzo ya miezi mitatu katika duka moja la mitindo jijini Nairobi. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ubunifu wa mavazi. Amenipa ruhusa niwasimulie wasomaji yaliyompata, mradi nisitaje jina lake wala la duka.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kawaida. Alitumwa Biashara Street kununua vitenge, zipu na uzi. Alipiga pasi mpaka mkono ukauma. Kisha mwenye duka akagundua kwamba msichana huyu ana kidole chepesi kwenye simu, akamkabidhi kurasa za duka katika mitandao ya kijamii: Facebook, Instagram na TikTok. Kazi yake ikawa kupakia picha za nguo kila asubuhi na kuwajibu wateja kutwa nzima. Swali walilouliza zaidi, aliniambia, ni "Bei?", hata kama bei imeandikwa papo hapo chini ya picha.

Wateja wengi huandika usiku, wakishakula na kuketi. Kwa hivyo ofisi ilimfuata mpwa wangu hadi kitandani, na kuna siku nilimkuta saa saba za usiku bado anajibu. Muda si muda macho yakaanza kumwasha na shingo ikakaza. Hayo mawili yana maelezo rahisi. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, lakini anapokazia macho kioo cha simu idadi hiyo yaweza kushuka hadi chini ya nusu. Machozi yanayolainisha jicho hukauka, na jicho huwasha na kuona ukungu. Nacho kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kilo tano hivi, ila ukikiinamisha sana kuelekea simu iliyo mapajani, mzigo unaobebwa na shingo waweza kuzidi kilo 20. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Nayo simu ilete usawa wa uso, badala ya kuupeleka uso kwa simu.

Lakini si macho wala shingo yaliyonifanya niandike makala haya.

Jioni moja nilimuuliza kazi yake hasa ni nini. Akacheka, akasema, "Mjomba, mimi kazi yangu ni kukata viuno." Nilidhani anazungumzia chakacha! Kumbe alikuwa na maana nyingine kabisa. Gauni unaloliona kwenye tangazo likimkaa mwanamitindo kana kwamba alizaliwa nalo, aghalabu limebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alinionyesha picha iliyopigwa kutoka nyuma: vibanio sita vimepangwa mstari, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Baada ya vibanio huja programu ya simu. Unabonyeza kwa kidole, kiuno kinaingia ndani. Unavuta, miguu inarefuka. Unapangusa, ngozi inang'aa na kuwa nyeupe kidogo, na kesho yake wateja wanauliza mwanamitindo huyo anatumia krimu gani. (Wengine huenda wakaitafuta krimu hiyo madukani. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimepatikana na zebaki, ambayo hudhuru figo.)

Siku moja mwezi wa Juni mwanamitindo hakufika. Mpiga picha alikuwa amekwisha kulipwa, basi mwenye duka akamwambia mpwa wangu avae yeye. Akavaa gauni la kitenge, akapigwa picha, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi picha ikapakiwa bila kurekebishwa. Maoni yakaanza kuingia. "Gauni ni zuri, mvaaji abadilishwe." "Huyu mbona amejaza hivi?" Kumbuka, msomaji, kwamba maoni hayo yalikuwa yakiingia katika simu aliyoishika yeye mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kuyasoma na kuyajibu kwa adabu kwa niaba ya duka.

Jioni hiyo aliagizwa aiondoe picha na kuirekebisha. Akakata kiuno chake mwenyewe kwa kidole chake mwenyewe, akaipakia tena. Safari hii picha ilisifiwa kuliko picha zote za wiki hiyo.

"Watu walimpenda yule wa kwenye simu, Mjomba," aliniambia baadaye. "Nikaona afadhali nimfuate yeye."

Njaa iliyofichwa

Alianza kwa kuacha sukari, jambo ambalo hata mimi nililisifu. Kisha asubuhi ikawa ni chai ya rangi tupu. Mchana maji. Jioni akifika mezani husema, "Nimeshiba, Mjomba, tulikula kazini." Mke wangu, ambaye yeye humwita Anti, aliona mambo ambayo mimi sikuyaona: chapati ikikatwa vipande vidogo vidogo na kuishia katika sahani za watoto, nywele nyingi zikibaki kwenye kitana, sweta ikivaliwa hata adhuhuri. Nilimwambia mke wangu kwamba Julai ni mwezi wa baridi Nairobi na kila mtu anavaa sweta. La kusikitisha zaidi ni kwamba wageni waliotutembelea walimpongeza. "Umepungua vizuri," walisema. Alipokuwa akizidi kudhoofika, ndivyo sifa zilivyozidi kummiminikia.

Mwisho wa Julai, akiwa ndani ya matatu katika barabara ya Jogoo, aliona giza. Makanga alimshusha na kumketisha kwenye steji, na abiria mmoja mwenye huruma akampigia simu Anti.

Kwenye zahanati daktari aliagiza kwanza kipimo cha ujauzito, kwa sababu hedhi ilikuwa imekosekana mara mbili. Binti aliudhika, ila daktari hana budi kuanzia hapo. Majibu yalionyesha hakuna ujauzito. Moyo ulikuwa ukipiga mara 50 kwa dakika. Alipopandishwa kwenye mizani, ilisoma kilo 49. Alipokuja kwetu alikuwa na kilo 58.

Unaweza kufanya hesabu hii mwenyewe. Chukua kimo chako kwa mita, ukizidishe kwa chenyewe, kisha ugawe uzani wako kwa jibu hilo. Mpwa wangu ana kimo cha mita 1.68. Kwa kilo 58 alikuwa na 20.5, na kwa kilo 49 alikuwa na 17.4. Kipimo hicho, ambacho madaktari hukiita BMI, huhesabiwa kuwa cha kawaida kwa mtu mzima kikiwa kati ya 18.5 na 24.9. Kwa maneno mengine, siku aliyoambiwa amejaza hakuwa mnene hata kidogo.

Mwili unaponyimwa chakula hufanya kama nyumba iliyopungukiwa na pesa: huacha kugharimia kile unachoweza kuishi bila hicho. Ubongo hupunguza homoni zinazoamuru ovari kufanya kazi, na hedhi hukatika. Homoni ya estrojeni ikipungua, mifupa nayo hukosa uimara, na hili si jambo dogo kwa msichana wa miaka 21 ambaye bado anajenga mifupa atakayoitegemea uzeeni. Mapigo ya moyo hupungua, baridi huuma, nywele hung'oka. Hali hii ikishika mizizi huitwa anoreksia. Yupo mwingine ambaye hula sana kisha hujitapisha kwa siri. Huo ni bulimia, nao waweza kuvuruga kiwango cha potasiamu mwilini hata moyo ukasimama. Yote mawili ni magonjwa ya akili yanayoumiza mwili, na yanaua. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay na Ana Carolina Reston wa Brazil, walifariki wakiwa na umri wa miaka 22 na 21, na dunia ya mitindo ikashtuka. Mwaka huo huo waandalizi wa maonyesho ya Madrid, Uhispania, waliwakataza wanamitindo wenye BMI ya chini ya 18 kupanda jukwaani.

Si ugonjwa wa Wazungu

Najua kuna msomaji anayesema haya ni maradhi ya Wazungu. Nilisema hivyo pia. Kwetu mtu akinenepa kidogo husemwa amenawiri, na wenye umri wangu wanakumbuka miaka ambapo kukonda kulimtia mtu shaka ya Ukimwi. Nchini Uganda ugonjwa huo uliwahi hata kuitwa "slim". Lakini msikilize Anne Becker, daktari wa akili wa Marekani, aliyefanya utafiti katika mkoa wa Nadroga, nchini Fiji, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa heshima. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, akarudi kuhoji wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema hujitapisha ili apungue. Mara ya pili asilimia 11.3 walisema hufanya hivyo, na asilimia 74 walijiona wakubwa au wanene kupita kiasi. Hiyo ilikuwa televisheni tu, ambayo huzimwa na mtu akaenda kulala.

Simu haizimwi. Mnamo Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifichua utafiti wa ndani wa kampuni iliyoitwa Facebook wakati huo, inayomiliki Instagram. Kati ya wasichana wabalehe waliohojiwa, asilimia 32 walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia hisia hiyo. Serikali kadhaa zimejaribu kuchukua hatua. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya biashara ambayo umbo la mwanamitindo limebadilishwa ni lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norway ilianza sheria inayofanana na hiyo Julai 2022. Hata hivyo, watafiti walioyapima maandishi ya aina hiyo wameona hayasaidii sana. Nami sishangai. Mpwa wangu hakuhitaji kuandikiwa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa picha hizo.

Iwapo unashuku mtoto wako anajinyima, usianze na makofi wala mahubiri, na usimshindilie chakula. Mtu aliyekaa na njaa wiki nyingi akilishwa kwa pupa, madini ya damu, hasa fosfeti, yaweza kushuka ghafla na kuudhuru moyo. Mpeleke kwanza apimwe. Akizimia, akitapika mara kwa mara au mapigo ya moyo yakiwa ya chini, usingoje kesho. Kwa mpwa wetu daktari aliagiza milo midogo mara sita kwa siku: uji, mayai, maharagwe, maziwa, parachichi. Wiki ya kwanza kila kijiko kilikuwa vita, na kuna usiku Anti alilia jikoni.

Pia alipelekwa kwa mshauri nasaha, ambaye nilitarajia angemnyang'anya simu. Hakufanya hivyo. Alisema simu ni jembe la kazi ya msichana huyu na hawezi kulima bila jembe. Alichotaka ni kwamba mtu mwingine dukani asome maoni yanayohusu miili ya watu, na kwamba ifikapo saa tatu za usiku simu ilale sebuleni. Mwenye duka, tukubali ukweli, alikubali bila ubishi. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba maoni yale yana msomaji. Mpwa wangu alimaliza wiki zake zilizosalia, na ripoti yake ilipokewa chuoni.

Agizo la mwisho la mshauri lilikuwa letu sisi wa nyumbani, nalo lilitushinda kuliko yote: tusiutaje mwili wake. Tusiseme amekonda, tusiseme amenenepa, wala tusiseme sasa anapendeza. Jaribu hilo kwa wiki moja uone. Nusu ya salamu zetu ni kumwambia mtu alivyo.

Hedhi ilirudi mwezi wa Novemba. Alipopimwa mara ya mwisho mwaka huo alikuwa na kilo 55. Mwezi wa Desemba dada yangu alikuja kutoka nyumbani kumwona bintiye, akaingia, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akafungua mdomo. Mke wangu akamkanyaga mguu. Dada akameza mate, akauliza habari za mitihani.