Mtoto asiyejibu upesi si mtoto asiyejua

Ndugu wazazi, walezi na walimu wa Nyarugusu,

Safari hii tunazungumza juu ya watoto ambao wengi wetu tumezoea kuwaita "bubu", "mkaidi" au "zezeta". Ni watoto wanaosikia, lakini ukiwauliza jina wanatazama chini. Wengine wanarudia swali lako badala ya kulijibu. Wengine wanaongea bila kituo juu ya jambo moja tu, kama vile magari ya mgawo, na hawajui kumwachia mwenzao zamu. Wapo wenye kigugumizi. Wapo pia wanaoongea vizuri nyumbani, lakini wakivuka mlango wa darasa wanakuwa kimya mwaka mzima.

Hili si tatizo la aina moja. Baadhi yao wana usonji, baadhi hawawezi kutulia wala kushika maelezo marefu, baadhi herufi na sauti zinawachanganya. Wengi wao wanafanana katika jambo hili: tangu utotoni ubongo wao unapokea na kupanga mambo kwa njia iliyo tofauti na ya wenzao. Usonji haukuanza kambini, wala haukuletwa na vita. Daktari Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa nao. Hautokani na kurogwa. Hautokani na malezi ya mama pia, ingawa zamani hata madaktari waliwahi kuwasingizia akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Maneno hayo yalikwisha kukataliwa, nasi tusiyarudishe hapa bombani tunapopanga foleni ya maji.

Kwa nini tuanze na kuongea?

Wazazi wengi wanaponiita nyumbani wananiuliza kwanza: "Ataweza kuandika?" Ni swali la haki. Lakini fikirini maisha yetu. Zoni zinafanana, vijiji vinafanana, nyumba za matofali ya udongo zinafanana. Mtoto akifuata watu hadi kituo cha mgawo akapotea, mtu wa kwanza atakayemwokota atamuuliza: "Unakaa zoni gani?" Mtoto akiumizwa porini walikokwenda kutafuta kuni, nani atasema kilichotokea kama yeye hawezi? Na mtu mbaya anamjua mtoto asiyeweza kusimulia, ndiye anayemchagua. Hapo mwandiko mzuri hautamsaidia.

Kwa hiyo naona yapo maneno ya kutangulia kabla ya yale ya kuimba darasani, hata kabla ya "Bonjour, Monsieur". Mtoto ajue kusema jina lake, la mzazi wake, zoni na kijiji. Ajue kusema "naumwa hapa" na kuonyesha mahali. Ajue kusema "sitaki, niache". Ajue kusema "sijaelewa, rudia". Hilo la "sitaki" linawakera wazee wengine, maana wanaona tunamfundisha mtoto utovu wa adabu. Lakini mtoto aliyezoeshwa kumtii kila mtu mzima atamtii pia yule anayetaka kumdhuru. Zoezeni maneno haya kila siku, mahali palepale, kwa sauti ileile, kwa mfano mnapotoka nyumbani asubuhi. Ambaye hatamki kabisa ashonewe maelezo ya zoni na kijiji ndani ya nguo, wala si kwa nje ambako kila mpita njia atasoma jina lake na kumwita kana kwamba wanafahamiana.

Subiri

Hapa ndipo tunaposhindwa wengi, na dawa yake haihitaji fedha. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za masomo yaliyorekodiwa darasani. Aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia, kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na hata wale waliokuwa wakinyamaza walianza kujibu. Hao walikuwa watoto wa kawaida. Huyu wetu, ambaye sauti ya mvua juu ya bati, kikohozi cha jirani na swali la mwalimu vyote vinamwingia kwa nguvu moja, anahitaji zaidi. Uliza swali moja, fupi. Kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usilirudie kwa maneno mengine, maana kwake hilo ni swali jipya na anaanza upya kulichambua. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu leo.

Mwenye kigugumizi naye asubiriwe hivyohivyo. Usimmalizie neno. Usimwambie "vuta pumzi" au "tulia kwanza", kwa sababu anajua tayari kwamba amekwama. Mtazame kwa utulivu, sikiliza anachosema, si jinsi anavyokisema.

Nyumbani, kazi ndiyo shule

Usimweke mtoto mbele yako na kumwamuru: "Sema! Sema mama!" Fuata macho yake. Mnapochambua maharage, naye ameshika kijiwe, ongea juu ya kijiwe: "Kijiwe. Kijiwe kidogo. Tupa!" Akisema neno moja, wewe mwongezee moja tu. Akisema "maji", sema "maji baridi", usimpe hotuba. Mpe nafasi ya kuchagua: shika kikombe cha maji mkono huu na cha uji mkono wa pili, uliza "Maji au uji?" halafu subiri. Akinyoosha kidole amejibu. Taja alichochagua na umpe.

Mtoto anayerudia maneno yako hakudhihaki. Ukimuuliza "Unataka uji?" naye akasema "Unataka uji?", mara nyingi maana yake ni ndiyo. Mpatie maneno yaliyo sahihi kwa upande wake: "Nataka uji," kisha mpe uji. Wala usimkamate kidevu ili akutazame machoni. Wapo wenye usonji ambao wakilazimishwa kutazama hawasikii tena. Na sisi wenyewe tulifundishwa kutowakodolea macho wakubwa; sijui kwa nini kwa mtoto huyu iwe kosa.

Swali linalorudi kila mkutano ni la lugha. Nyumbani Kibembe, kwa jirani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Mzazi anaambiwa aache Kibembe ili mtoto asichanganyikiwe. Utafiti uliofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili haukuona kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Kinachomwumiza mtoto ni bibi kunyamaza. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri akikatazwa Kibembe, basi mtoto amepoteza mtu wa kuongea naye kutwa. Mwongeleshe kwa lugha unayoiota usiku.

Ishara na michoro pia visiogopwe. Chora kwa mkaa juu ya kipande cha boksi: kikombe, choo, godoro, tumbo linalouma. Wengine wanadhani mtoto akizoea kuonyesha picha atakuwa mvivu wa kuongea. Utafiti haujaonyesha hivyo. Baadhi ya watoto wanaanza kutamka zaidi, kwa kuwa sasa wanaona kuongea kunaleta jibu.

Kwa walimu

Najua darasa lina watoto mia na zaidi, na ubao ni mmoja. Siombi mwalimu wa pekee. Naomba mtoto huyu akae mbele, upande usio na dirisha. Wakati wa kuita majina akubaliwe kuinua mkono badala ya kusema "présent". Ukitaka ajibu, mnong'oneze mapema: "Baada ya huyu nitakuuliza wewe, swali la tatu." Kabla ya kusimama mbele ya wote, watoto waambiane jibu wawili wawili, wengi wasioweza kuambia mia wanaweza kumwambia mmoja. Kicheko cha wenzake kikianza, kizime hapohapo. Fimbo haijafungua ulimi wa mtoto hata mmoja. Inamfundisha kwamba kusema ni hatari. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao unataka mtoto asifukuzwe shule kwa sababu ya ulemavu. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, tuleteeni habari.

Lini uende hospitali

Kwanza masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara huenda hasikii vizuri, na hilo lina matibabu. Malaria iliyopanda kichwani nayo inaweza kuacha shida ya kuongea, kwa hiyo mweleze daktari kama mtoto aliwahi kupoteza fahamu au kupata degedege. Aliyekuwa akiongea kisha akaacha apelekwe upesi bila kungoja siku ya kliniki. Aliyenyamaza baada ya kuona mauaji au kupotezana na wazazi njiani anahitaji pia mshauri nasaha. Kimeo msikikate. Hakihusiani na kuchelewa kuongea, na kidonda chake kinaweza kutoa damu nyingi na kuingia wadudu.

Mkija kutuona, leteni kadi ya kliniki, na maneno yote anayoyasema mtoto yakiwa yameandikwa, kwa lugha yoyote, hata kama ni matatu, pamoja na wakati anapoyasema. Karatasi ikikosekana, njooni na dada au kaka yake anayeshinda naye. Yeye ataweza kutuambia mengi.