Gari Kuukuu la Bukavu: Litengenezwe au Liachwe?

Tuseme mtu wa Kadutu, hapa Bukavu, ana Toyota Carina ya mwaka 1998. Fundi amefungua boneti, amekagua, akataja dola 600: silinda hedi imepinda na gasketi yake imeungua. Gari hilo likiwa zima lingeuzwa dola 3,000. Hivi lilivyo, akipata 1,200 ashukuru. Majirani wanamwambia aachane nalo, anamwaga pesa bure. Na ni kweli kwamba 600 ni nusu nzima ya thamani ya gari lililolala gerejini. Lakini kulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari ni kipimo kinachopotosha, na katika mji kama Bukavu kinapotosha zaidi.

Magari mengi ya aina hii yametoka Japani, na ndiyo maana usukani uko kulia ilhali Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Kule gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huambatana na kodi na bima. Saa moja ya fundi wa Japani nayo ni ghali. Mwenye gari akipiga hesabu anaona heri aliuze, hata kama injini bado ina nguvu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kwenda nchi nyingine, na 8 kati ya kila 10 yaliishia katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Bukavu hesabu hiyo inageuka. Mikono ya fundi ni nafuu. Spea ndiyo inayouma, kwa sababu imeshuka Dar es Salaam au Mombasa, ikavuka mipaka na kulipiwa ushuru njiani. Kwa hiyo kazi ya mikono mingi na spea chache, kama kusaga valvu au kuchomelea sakafu, inalipa hapa hata kama Japani isingelipa.

Turudi kwenye ile silinda hedi, maana ugonjwa wake unahusiana na mji wenyewe. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Injini nayo hupenda kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni mfuniko wake: una springi na mpira unaobana mvuke, na shinikizo likiongezeka kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzi 118. Mpira ukikauka, kinga hiyo yote inapotea na nafasi inayobaki ni nyuzi 5 tu. Sasa panda kutoka ziwani kwenda Kadutu kwa gia ya kwanza, gari limejaa watu, foleni haisogei, upepo hauingii mbele. Maji yanachemka. Mvuke haubebi joto vizuri kama maji, na yakishapungua sana hata mshale wa joto unaweza kudanganya, kwa kuwa kihisi chake kimebaki hewani.

Hapo ndipo chuma kinapoharibika. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu, na silinda hedi ni alumini, ambayo ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Inataka kutanuka, bolti zinaikatalia, inapinda. Bili ya dola 600 ilianzia kwenye mfuniko wa dola chache. Fundi akinyoosha hedi bila kubadilisha mfuniko, bila kuzibua rejeta na bila kutia kulanti mahali pa maji ya ziwa, basi hizo 600 zimepotea kweli, na kosa si la umri wa gari.

Breki ni jambo ambalo halina mjadala. Anayeteremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola anashuka mteremko mrefu, na kwa kila mita 500 za kushuka gari la tani moja lazima litoe nishati inayotosha kuchemsha lita 15 za maji. Kwa gia kubwa, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni. Kuyabadilisha ni gharama ndogo, na asiyeweza kuimudu asiteremke Ngomo.

Mashimo ya barabara nayo yana sayansi yake. Katika karne ya 19, mhandisi wa reli August Wöhler wa Ujerumani alionyesha kwamba ekseli inayopindwa tena na tena huvunjika kwa mzigo ambao ungekuwa mwepesi kwake kama ungewekwa mara moja. Ukiupunguza mzigo kidogo tu, maisha ya chuma huongezeka sana. Kwa hiyo bushi na shokamzoba, vitu ambavyo wengi huviahirisha, ndivyo vinavyookoa bodi. Na bodi ndiyo roho ya gari dogo, kwani halina chesisi ya peke yake. Mabati yenyewe ndiyo yanayobeba mzigo. Injini nyingine utaipata. Bodi ikioza, nyingine huipati.

Nani basi amewahi kuipima hesabu hii ya kutengeneza au kubadilisha? Mwaka 1987 mwanauchumi John Rust alichapisha utafiti juu ya Harold Zurcher, msimamizi wa matengenezo ya mabasi mjini Madison, Marekani, aliyekuwa akiamua lini injini ya basi ibadilishwe. Uamuzi wake ulieleweka vizuri pale alipochukuliwa kama mtu anayepima gharama za mbele, wala si maumivu ya mwezi huo. Pesa iliyokwisha kuingia garini haimo kwenye hesabu hata kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa mtu wetu wa Kadutu, kuuza kwa 1,200 na kununua jingine la 3,000 kunamgharimu 1,800, na hilo jingine limebeba maradhi ambayo muuzaji peke yake anayajua. Matengenezo ya 600 yakimpa miezi 18, analipa dola 33 kwa mwezi. Yakimpa miezi 3, analipa 200, na hapo majirani wana haki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa dola ya kwanza, ingia chini ya gari na mpini wa bisibisi, gonga sakafu na kingo za milango. Bati likilia kwa ukavu, tengeneza, na mwambie fundi akuonyeshe chanzo cha ubovu kabla hajafunga bolti. Kutu ikidondoka vipande vipande, liuze spea na usiongeze hata faranga moja.