Gari la Marehemu Baba Mkwe

Alhamisi moja jioni kifurushi kilifika kwa basi, nasi tukakifungua uani kwetu Ngarenaro huku watoto wakitazama. Ndani mlikuwa na gia za gari, zimepakwa grisi na kuviringishwa kwenye magazeti. Mume wangu alizishika kama mtu anayepokea kitoto kichanga. Kesho yake fundi alizijaribu mara tatu, akafuta mikono, akasema, "Hizi si za gari hili." Fedha tuliyolipa ilikuwa ada ya muhula mmoja ya kijana wetu. Usiku ule hatukusemezana.

Dada mpendwa msomaji, pengine utajiuliza mambo ya gari yanamhusu nini mama wa nyumbani. Hata mimi nilifikiri hivyo. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni wagonjwa, na habari za gari niliwaachia wanaume. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyokosea.

GARI LENYEWE

Ni Land Rover 109, pikapu, ambalo baba mkwe alilinunua mwaka 1974 likiwa limekwisha kutumika katika shamba la kahawa. Kwa miaka mingi lilishusha kahawa na ndizi kutoka miteremko ya Meru. Siku za Jumatano na Jumamosi lilikwenda soko la Tengeru. Lilibeba maharusi na majeneza. Mimi mwenyewe lilinifikisha hospitali usiku wa mvua, uchungu wa mtoto wetu wa pili ulipokuwa umekaza.

Baba alipofariki mwaka 2016, gari liliachwa chini ya mparachichi, na kuku wakaanza kutagia ndani yake. Shemeji zangu walitaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sikuwalaumu, maana kila mmoja alikuwa na shida zake. Mume wangu aliomba apewe mwaka mmoja alifufue, na kikao cha familia kikakubali. Kwa hiyo kifurushi kile kilipotushinda, haikuwa hasara ya fedha tu. Ilikuwa aibu mbele ya ndugu.

MGONJWA ASIYE NA FAILI

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa fundi mmoja mzee huko Unga Limited, mahali penye gereji nyingi za mji wetu. Nilimwamkia, tukamweleza yote. Hakuuliza tulilipa kiasi gani. Aliuliza, "Namba ya chesisi mmeisoma?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumemtumia muuzaji picha ya uso wa gari, basi. Naye alipoona shoo ya mbele ya plastiki, yaani ule wavu unaofunika rejeta, akajua ni Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, akatuletea gia za toleo hilo.

Niliona haya. Kazini sijawahi kumpa mgonjwa dawa bila kusoma jina lake na faili lake. Hapa tulikuwa tumemtibu mgonjwa kwa kumwangalia usoni.

Mzee alikuja shambani mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya gari upande wa kulia, akasugua ncha ya chesisi karibu na springi kwa brashi na mafuta ya taa, kisha akapaka chaki. Namba zikajitokeza. Alitufundisha kwamba tarakimu tatu za mwanzo hueleza aina ya gari, na herufi ya mwisho hueleza mabadiliko yaliyofanywa kiwandani. Kisha akafungua mlango na kutuonyesha mita za spidi na mafuta. Zilikuwa katikati ya dashibodi, wakati katika Series III zilihamishiwa mbele ya dereva. Gari letu lilikuwa Series IIA, toleo la mwaka 1961 hadi 1971. Gia boksi zake ni tofauti.

Akagonga chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, akisikiliza. "Msidanganywe na bodi," alisema. "Bodi ni ya aluminiamu, haiozi kama chuma. Kutu hula huku chini." Sehemu mbili zililia kama debe bovu. Hizo ndizo zilizochomelewa kwanza, kabla hatujanunua kitu kingine chochote.

ALIYEJUA ALIKUWA JIKONI

Lakini mume wangu na ndugu zake hawakuridhika. Ikiwa ni gari la zamani, shoo ya kisasa ilitoka wapi? Walibishana mpaka chai ikapoa. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage mlangoni. Akasema bila kuinua macho, "Baba yenu aligonga ng'ombe usiku, mwaka 1983. Uso wa gari ulivunjika wote. Shoo hiyo aliinunua kwenye gari lililokufa."

Kimya kikatanda. Mama aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha kutoka kwenye kasha lake la nguo. Mlikuwa na kadi ya gari ambayo tulidhani imepotea, risiti za miaka mingi, na daftari la baba lenye tarehe za kubadili oili. Mume wangu akauliza, "Mama, mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mwanangu."

Dada, maneno hayo yalinichoma. Mume wangu alikuwa amesafiri na kupiga simu kwa watu asiowajua, na habari zote zilikuwa hatua kumi kutoka lilipo gari. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke mzee aweza kujua habari za gari. Nami, mwanamke mwenzake, sikufikiri pia.

SPEA ZINAPATIKANA WAPI?

Tangu siku hiyo nilifungua daftari. Niliandika namba ya chesisi, namba ya injini, na kila kitu kilichohitajika. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Kwanza, spea za magari haya bado zipo. Uingereza nyingine zinatengenezwa hadi leo, na vitabu vya spea vyenye michoro na namba vimechapishwa upya. Ukiwa na namba ya kitu, hutahitaji kueleza kwa mikono. Aidha, kwa malipo, jumba la makumbusho ya magari lililoko Gaydon, Uingereza, hutoa hati ya kumbukumbu za kiwandani kwa kufuata namba ya chesisi.

Pili, jirani kuna mengi. Dar es Salaam watu huenda Gerezani. Nairobi huenda Kirinyaga Road. Tena Kenya ilikuwa na kiwanda cha Leyland huko Thika kilichounganisha Land Rover, kwa hiyo wapo mafundi wanaoyajua magari haya vizuri. Na hapa kwetu, Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, mamia ya magari hayo yalipita. Mume wangu alizunguka na daftari, akarudi na majina ya wenye magari kama letu. Mmoja wao ndiye aliyetuuzia gia boksi nzima iliyotufaa.

Tatu, chukua kitu cha zamani mkononi uendapo dukani. Patana kabla ya kulipa kwamba kisipoingia kitarudishwa, na risiti iandikwe hivyo. Yule muuzaji wetu wa kwanza alikataa kurudisha fedha, nasi hatukuwa na maandishi yoyote.

Nne, jua kipi kichongwe na kipi kisichongwe. Mafundi wetu wa mashine za kukereza walitutengenezea bushi nzuri, na gasketi nyingine zilikatwa hapahapa. Lakini katika breki nilikataa kabisa. Gari letu lina bomba moja tu linalogawa mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Likipasuka mahali pamoja, breki zote zimekwenda. Fundi kijana alitaka kufunga raba zilizochakaa na kuongeza oili ya injini kidogo. Oili ya namna hiyo huharibu raba za breki. Nimewapokea wodini watu waliotoka kwenye mteremko na gari lisilo na breki. Tuliahirisha rangi, tukanunua raba, hosi na mabomba mapya.

TUNZA WATU WAKO

Kama muuguzi sina budi kuonya. Shuu za breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Usiruhusu fundi alipulize kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Isipigwe msasa mkavu uani wanapochezea.

Petroli isivutwe kwa mdomo na mpira, wala isiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwa kuwa itaingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Tena kuna karatasi. Kadi yetu ilikuwa bado na jina la marehemu. Ilibidi familia ipate msimamizi wa mirathi mahakamani, ndipo jina libadilishwe TRA. Lifanyeni hili mapema, kabla gari halijaanza kuingiza fedha na kuleta maneno.

MWISHO WA MWAKA

Mwaka haukutosha, tuliomba miezi minne zaidi. Ada ya kijana tuliilipa kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, na deni hilo nimelimaliza juzijuzi. Zile gia zisizofaa bado ziko chini ya kitanda chetu, zinangoja mwenye Series III.

Gari halijapakwa rangi. Lakini linashuka mlima na kusimama pale dereva anapotaka lisimame. Jumapili ya kwanza mama mkwe alikaa mbele, bahasha yake mapajani, na shemeji zangu wakasukumana nani afungue mlango.

Mtakumbuka Bwana wetu alivyomtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Mimi naongeza kwa unyenyekevu kwamba aketipo, awaulize na wale walio jikoni. Na wewe, dada, kama kwenu kuna gari, mashine ya kusaga au cherehani iliyoachwa na wazee, chukua daftari leo. Soma namba yake, kisha nenda kaketi na mama mkwe wako angali anakumbuka.