Skrubu Moja ya Kigari

Kigari cha chuma chenye taa na honi, kwa wakusanyaji wa Ulaya na Japani, ni kitu cha kuwekwa kabatini na kufutwa vumbi. Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, kigari hichohicho kikinunuliwa mnadani au kikiletwa na mjomba kutoka Dar es Salaam, kinashuka chini siku hiyohiyo na kukimbizwa uani mpaka rangi inabanduka. Mimi naona Mvumi ndiko kinakotumika ilivyokusudiwa. Baada ya muda taa zinafifia, honi inakoroma, na mtu mzima anatafuta kisu cha jikoni akichokonoe tumboni abadilishe betri. Hoja yangu ni kwamba hatari kubwa ya kigari hiki huanzia hapo. Kikiwa kipya, zile betri tatu bapa za duara, za aina ya saa, zimefungiwa chini ya kifuniko chenye skrubu. Siku ya kubadilisha, skrubu inapotea, kifuniko kinabaki kinacheza, na betri za zamani zinaachwa dirishani, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka miwili unafika.

Wengi hudhani madhara ya kumeza betri yanatokana na sumu iliyomo ndani yake. Si hivyo hasa. Betri ikikwama kwenye umio, nyama mbichi yenye unyevunyevu inaunganisha upande wa chanya na wa hasi, umeme unapita, na upande wa hasi inatengenezwa kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ileile wanayochanganya watengeneza sabuni. Haihitaji betri kupasuka wala kuvuja. Ndani ya saa 2 tu nyama inaweza kuungua vibaya, na kidonda kikazidi kuchimba hata baada ya betri kutolewa, kikafika kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo sababu betri iliyoshindwa kuwasha taa za kigari haijaacha kuwa hatari. Betri ya lithiamu ya volti 3 huhesabiwa imekwisha ikiwa bado na zaidi ya volti 2, na hizo zinatosha kuunguza koo. Zinazokwama zaidi ni zile pana za milimita 20, ambazo ziko pia kwenye rimoti na mizani ya jikoni. Zile ndogo za vigari mara nyingi hupita tumboni, lakini zikiingia puani au sikioni zinaunguza vilevile.

Hapa mzee yeyote wa Dodoma ana haki ya kuuliza: mbona watoto wamechezea magunzi ya betri miaka nenda rudi? Tangu miaka ya 1960, kiwanda cha Matsushita kilipoanza kutengeneza betri Dar es Salaam, mawe ya redio yaliyochoka yameanikwa juani yapate nguvu kidogo, yameng'atwa, yamepasuliwa ili kuchukua ule unga mweusi. Kweli, na haikuwa salama kama tunavyokumbuka. Lakini betri ya tochi haimezeki. Tofauti iko kwenye umbo, na mazoea tuliyoyapata kwa betri kubwa tumeyahamishia kwenye ndogo bila kufikiri. Wengine watasema mtoto akimeza sarafu huitoa mwenyewe. Sarafu haina umeme.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba visa vya namna hii havisikiki kwetu. Lakini kisa hakisikiki mpaka kitambuliwe, na dalili zake ni mate kumtoka mtoto, kukohoa, kukataa chakula, pengine homa: mambo ambayo kijijini huitwa kifua au mafua. Hata kwenye picha ya eksirei betri inafanana na sarafu, mpaka mganga aangalie ukingo wake na kuona duara mbili, moja ndani ya nyingine. Kwa hiyo anayempeleka mtoto Hospitali ya Mvumi aseme waziwazi, "Tunashuku amemeza betri," na aombe eksirei mara moja, kwa kuwa kutoka hapo mpaka hospitali kubwa za Dodoma mjini ni kiasi cha kilomita 40, na saa 2 si nyingi. Asimtapishe. Njiani kuna kitu kimoja kinachosaidia, na nyanda za kati zimejaliwa nacho: asali. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze, anapewa vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Inapunguza makali tu, haitibu, wala mtu asichelewe kwa kuitafuta.

Kazi yenyewe ya kubadilisha betri ni ndogo. Inafanywa mezani, watoto wakiwa mbali, juu ya sinia ili kinachodondoka kionekane. Bisibisi ndogo ya nyota, ya fundi simu, inatosha. Kisu huharibu kichwa cha skrubu, na mara ya pili haitafunguka. Betri zote tatu zitolewe pamoja, kwani ukichanganya mpya na chakavu, ile chakavu huvuja. Kukiwa na ukoko mweupe kwenye vibati, usuguliwe kwa pamba yenye siki au ndimu kidogo, kisha ukaushwe. Alama ya kujumlisha ifuate ilivyochorwa. Ukishafunga, kitikise kwa nguvu. Kifuniko kikicheza, kazi haijaisha. Zilizotolewa zibandikwe seloteipu pande zote mbili papo hapo na kuwekwa juu kabisa, zisitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto, maana hulipuka.

Basi kwa nini betri hizi zisipigwe marufuku? Marekani, baada ya mtoto Reese Hamsmith wa Texas kufariki Desemba 2020 kwa kumeza betri ya rimoti, ilipitishwa sheria yenye jina lake mwaka 2022, inayodai vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Ni sheria nzuri, na Shirika la Viwango Tanzania lingefanya vyema kuangalia vigari vinavyoingia nchini kwa jicho hilo. Lakini sheria hukomea kwenye kifuniko cha kiwandani. Haimsimamii anayekifungua baadaye. Na kusema bisibisi ni gharama hakunishawishi, kwa sababu fundi redio wa mnadani atafungua kifuniko kwa bei ndogo kuliko ya betri zenyewe. Skrubu ikipotea na nyingine haipatikani, toa betri zote umrudishie mtoto kigari chake. Magurudumu yake hayahitaji umeme.